Zamu ya Usiku

Chura alitoka kwenye mtaro wa bomba, huku Isevya,
amefungwa ndani ya sweta la shule la Nyamizi,
mnene, mfupi, uso umeingia kifuani
kama mtu aliyetajiwa bei akaguna.
Tukampa ndoo ya asali iliyopasuka mdomo,
udongo wa kichanga kutoka chini ya mninga,
majani makavu, maji kwenye kifuniko cha chupa.
Nyamizi akampa jina: Mgeni.

Asubuhi Mgeni hayupo.

Walitafuta ndani ya viatu, nyuma ya mtungi,
kwenye gunia la mpunga.
Mama yake akafunua hata sufuria la kiporo.
Paka wa jirani Kapela akashutumiwa bila shahidi.
Mimi ndiyo kwanza nilikuwa natoka lindo la ghala la tumbaku,
macho yamejaa mchanga.
Nikasema, chura ni chura, mwanangu, atarudi,
nikavuta shuka hadi utosini.

Nyamizi akachukua kijiko cha chai
akachimba kama anayetafuta shilingi.
Akamkuta kina cha kidole na nusu,
amevimba, amefumba macho, wa baridi.
"Baba! Amekufa! Amejizika mwenyewe!"

Nikaamka na hasira zangu na bukta yangu.
Nikamweka kiganjani. Koo lilikuwa likicheza
taratibu, kama saa ya stesheni
isiyojali kwamba treni imechelewa.
Maiti hapumui kwa dharau namna ile.

Tukamrudisha juu ya udongo, tukachuchumaa.
Hakumtazama mtu. Alitengeneza makalio,
akasukuma mguu wa kulia, kisha wa kushoto,
na hapo nikaona: kisiginoni ana jembe,
kijembe kigumu, cheusi, asichokinunua dukani.
Akashuka kinyumenyume,
matako kwanza, tumbo likafuata,
kama mtu anayetoka msibani kwa adabu
asiwape mgongo waliobaki.
Yakabaki macho mawili.
Halafu udongo ukayafunika
na juu pakawa kama hapajawahi kukaa kiumbe.

Nikaingiza kidole. Juu moto, Agosti ile inayopasua midomo;
chini palikuwa pabichi kama ndani ya mtungi.

Nyamizi alimfukua tena adhuhuri.
Akamfukua alasiri.
"Ananichukia," akasema. "Hapendi nyumba yetu."
Mama yake alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa:
"Na baba yako je? Mchana kutwa shuka puani.
Nani amesema anatuchukia?"

Nilijifanya nimelala.
Lakini kijiko sikukisikia tena.

Saa kumi na moja alfajiri narudi,
rungu kwapani, umande kwenye suruali,
nikaimulika ndoo kwa tochi.
Mgeni yuko juu, amekaa kama mwenye duka,
udongo bado begani,
mguu wa mchwa unaning'inia mdomoni.
Tukatazamana, wafanyakazi wawili
wa kampuni moja isiyolipa kwa wakati.
"Kwema huko?" nikauliza.
Akameza.

Siku hizi Nyamizi hafukui. Jioni
analowesha udongo kwa ncha za vidole,
anadondosha mchwa watano, wakati mwingine sita,
anafunika kwa kipande cha chandarua.
Kijiko kimerudi kwenye chai,
ingawa mama yake anakisugua kwa majivu kila siku
na bado anakinusa.

Watoto wa mtaa wanakuja kumwona chura.
Anawaonyesha udongo.
"Yuko wapi?"
"Huyo hapo."
"Wapi?"
"Hapo. Kalala. Ana zamu ya usiku, punguzeni sauti."
Wanaondoka wakisema Nyamizi ni mwongo,
ana ndoo ya mchanga tu.

Nami nasikia yote kutoka chini ya shuka langu,
kina cha kidole na nusu.
Sitoki.